Mikimbio 147 ambayo hifadhidata haiijui

Leo naweka programu kando, ingawa si mbali sana. Swali ni hili: ni Mkenya gani aliyepata mikimbio mingi kuliko wenzake wote katika mechi moja ya kriketi ya kimataifa ya siku moja? Ukiwa na jedwali la kadi za mechi kwenye kompyuta yako, jibu linakuja kabla hujameza chai:

SELECT mchezaji, mikimbio FROM kadi
WHERE timu = 'Kenya' AND aina = 'ODI'
ORDER BY mikimbio DESC LIMIT 1;

Jibu: Kennedy Otieno, 144, dhidi ya Bangladesh, Nairobi, tarehe 10 Oktoba 1997. Jibu hilo ni sahihi, na kila tovuti ya takwimu za kriketi itakupa hilo hilo. Ila miezi sita kabla ya siku hiyo, dhidi ya Bangladesh hao hao, Mkenya mwingine alikuwa amepata 147, na mechi yenyewe ilikuwa fainali ya mashindano ya dunia. Huyo hifadhidata haimrudishi. Hajafutwa na hakuna aliyekosea kumwandika. Kilichomwacha nje ni neno moja kwenye safu ya "aina".

Najua wengi wenu huku Homa Bay na kule Migori mtaniuliza kriketi inatuhusu nini. Ni kweli, mchezo huu ulikaa Nairobi, kwenye viwanja vya klabu za Wahindi na za Wazungu, na watoto wa kawaida walioupata ni wale waliokulia karibu na viwanja hivyo. Lakini soma orodha ya timu ya Kenya ya miaka ya 1990: Otieno, Odumbe, Odoyo, Onyango, Suji, Tikolo. Simama stendi ya Rongo saa nne asubuhi uite "Otieno!" au "Onyango!" uone vichwa vingapi vitageuka. Wengi tuliwasikia hawa watu kwenye redio tu, tukijua wamewapiga West Indies, bila kujua wamewapigaje.

Basi kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi sana. Kama uliwahi kucheza raundazi shuleni, unajua tayari nusu ya kriketi na nusu ya besiboli. Mtu anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kabla mpira haujarudishwa. Kriketi na besiboli ni watoto wa ukoo mmoja waliokulia nyumba tofauti. Katika kriketi mpigaji anaendelea kupiga mpaka atolewe, iwe mpira mmoja au mia mbili. Kila akibadilishana upande na mwenzake ni mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja ukiwa umegusa chini ni mikimbio 4, ukivuka ukiwa hewani ni 6. Kumtoa mpigaji mmoja ni wiketi moja, na mipira sita ni ova moja. Mechi ya siku moja huwa na ova 50 kila upande.

Katika besiboli huna anasa ya kukaa. Unapata zamu yako, unapiga au unakosa, unarudi kwenye benchi kungoja wenzako wanane. Kwa mechi nzima mpigaji hupata zamu nne, labda tano. Ndiyo maana Wamarekani wanashangilia sana mtu akiupeleka mpira nje ya uwanja mara nne katika mechi moja. Tufanye hesabu ya juu juu. Mpigaji mzuri sana, anayetoa mpira nje mara moja katika kila zamu 15, akipata zamu nne ana nafasi ya moja ya kumi na tano, mara yenyewe, mara nne: moja katika 50,625. Na huyo ni mpigaji mzuri. Bobby Lowe alikuwa wa kwanza, mwaka 1894. Kwa orodha ya ligi kuu yao, hadi mwisho wa msimu wa 2025 ilikuwa imetokea mara 21 tu, zaidi ya miaka 130. Halafu tazama jinsi bahati isivyopanga foleni: kati ya hizo 21, tatu zilitokea mwaka 2025 peke yake, kwa Eugenio Suárez mwezi Aprili, Nick Kurtz mwezi Julai na Kyle Schwarber mwezi Agosti. Ukimwona mtu anatafuta sababu kubwa ya jambo kutokea mara tatu kwa mwaka mmoja, mpe sarafu airushe mara mia, aone zinavyojikusanya zenyewe.

Kuna kisa kimoja cha besiboli nakipenda. Tarehe 3 Juni 1932 Lou Gehrig wa New York Yankees alitoa mpira nje mara nne. Siku hiyo hiyo, John McGraw, kocha aliyeiongoza New York Giants kwa takriban miaka 30, akatangaza kuacha kazi. Magazeti ya kesho yake yakampa McGraw nafasi kubwa. Lakini tukio la Gehrig halikupotea, kwa sababu mechi ilikuwa ya ligi iliyokubaliwa na kadi yake ikaenda kwenye kabati linalotakiwa. Magazeti yanaweza kukusahau kwa siku moja, lakini kabati likikusahau utatafutwa kwa miaka.

Sasa turudi Nairobi. Tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, Pakistan walicheza na Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia. Pakistan walikuwa na kijana aitwaye Shahid Afridi aliyeletwa kikosini kama mtupaji. Mechi yake ya kwanza ilikuwa siku mbili kabla, dhidi ya Kenya, na hakupata nafasi ya kupiga. Hii ya pili wakampandisha nafasi ya tatu. Alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37. Alipotolewa alikuwa na 102 kwa mipira 40, zikiwemo sita 11. Rekodi ya zamani ilikuwa mipira 48, ya Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, iliyowekwa mwaka huo huo wa 1996. Na Jayasuriya alikuwepo siku hiyo, tena akitupa mpira: ova 10, mikimbio 94. Fikiria unanyang'anywa rekodi yako huku ukiwa wewe ndiye unayemtupia mwenzako mpira wa kuinyang'anya.

Afridi mwenyewe amesimulia kwamba gongo alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar, ambaye alikuwa amempa Waqar Younis alipeleke Pakistan likatengenezewe mfano wake. Waqar akamwazima kijana. Kadi ya mechi haina safu ya mwenye gongo, kwa hiyo hilo linaishi kwa simulizi tu. Umri, kwa upande mwingine, una safu yake, na kadi inasema alikuwa na miaka 16 na siku 217. Mwaka 2019 Afridi akatoa kitabu chake na humo akasema alizaliwa mwaka 1975. Hesabu mwenyewe. Hifadhidata nyingi bado zina 16. Wenzangu wa kazi hii mnajua: programu haithibitishi ukweli, inathibitisha tu kwamba sehemu haikuachwa wazi.

Rekodi hiyo ya Nairobi ilidumu miaka 17. Corey Anderson wa New Zealand aliivunja kwa mpira mmoja tu, mipira 36, tarehe 1 Januari 2014, na mwaka uliofuata AB de Villiers wa Afrika Kusini akaishusha hadi 31.

Hapa niweke neno moja kuhusu hewa, maana watu wa takwimu wakisahau hewa hukosea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mpira uliopigwa juu hukutana na kizuizi kidogo zaidi. Wamarekani wana mji wao wa namna hiyo, Denver, mita 1,609, ambako mipira ilikuwa ikitoka nje hovyo mpaka mwaka 2002 wakaanza kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu maalumu ili isiruke mno. Hapa Homa Bay tuko kando ya ziwa, juu kidogo ya mita 1,130. Kwa hesabu ya haraka hewa yetu ni nzito kuliko ya Nairobi kwa kama asilimia 5. Pigo lililovuka mpaka Gymkhana kwa upana wa kidole, hapa lingeangukia mikononi mwa mtu. Simpunguzii Afridi heshima. Sri Lanka nao walipiga kwenye hewa hiyo hiyo wakashindwa kwa mikimbio 82. Nasema tu kwamba tukio la siku moja ni la mtu na la mahali pia.

Na sisi wenyeji? Historia yetu katika rekodi hizi kwa muda mrefu ilikuwa ya kuwa upande wa pili wa kadi. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza, timu ya Afrika Mashariki iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilicheza na New Zealand huko Birmingham. Glenn Turner akapiga 171 bila kutolewa, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Timu yetu ikapata 128. Tarehe 6 Machi 1996 Kenya ilikutana na Sri Lanka mjini Kandy. Sri Lanka wakafikisha 398, jumla ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia katika mechi ya siku moja na ambayo ilisimama kwa miaka kumi. Siku hiyo Steve Tikolo alipiga 96. Kenya ilimaliza na 254, ikashindwa kwa 144. (Namba hii 144 inatuandama, mtaona.) Watu wanakumbuka 398. Mimi nadhani mtu anayepata 96 huku timu yake ikifukuza jumla ambayo dunia haijawahi kuiona anastahili sentensi yake.

Wiki moja kabla ya hapo, tarehe 29 Februari, Kenya ilikuwa imewashinda West Indies mjini Pune: 166 kwa 93. Lakini ile ilikuwa kazi ya watupaji, Maurice Odumbe akichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15 na Rajab Ali 3 kwa 17. Mada ya leo ni kupiga, kwa hiyo napita.

Siku yetu ya kupiga ni tarehe 10 Oktoba 1997. Uwanja ni ule ule wa Gymkhana, mwaka mmoja na siku chache baada ya Afridi. Kennedy Otieno na Dipak Chudasama walifungua kwa Kenya dhidi ya Bangladesh na kabla hawajatenganishwa walikuwa wamepata mikimbio 225. Hakuna jozi ya wafunguzi katika historia yote ya mechi za siku moja iliyokuwa imefika hapo. Waliokuwa wanashikilia rekodi walikuwa Waaustralia Geoff Marsh na David Boon, 212, tangu 1986. Chudasama aliishia 122, Otieno 144. Jumla ya Kenya ilikuwa 347 kwa wiketi 3, na Bangladesh wakashindwa kwa mikimbio 150. Otieno huyo alikuwa pia mlinda wiketi, yaani baada ya kusimama kwenye jua kupiga karibu siku nzima ya kazi ya timu yake, alivaa glavu akaenda kuchuchumaa nyuma ya wiketi za wenzake. Kwa karibu miezi tisa rekodi ya dunia ya ufunguzi ilikuwa ya Mkenya mwenye asili ya Kihindi na Mkenya aitwaye Otieno. Mwezi Julai 1998 Sourav Ganguly na Tendulkar wakapiga 252 mjini Colombo, ikaondoka.

Sijawahi kukutana na mtu huku aliyejua habari hiyo. Ukiuliza rekodi za dunia za Wakenya utaambiwa za mbio, na orodha ni ndefu mpaka mtu anachoka kusikiliza. Ya 225 haimo.

Lakini angalau ya Otieno imo kwenye hifadhidata. Ya Tikolo ndiyo iliyonifanya niandike.

Aprili 1997, Kuala Lumpur, Malaysia. Mashindano yaliitwa ICC Trophy, ya nchi wanachama wasio na hadhi ya juu, na timu tatu za kwanza zilikuwa zinakwenda Kombe la Dunia la 1999. Kenya na Bangladesh walifika fainali. Tarehe 12 Aprili Kenya ikaanza kupiga. Ilimaliza na 241 kwa wiketi 7, na kati ya hizo 147 zilikuwa za Tikolo. Gawanya: asilimia 61 ya jumla ya timu kutoka kwenye gongo moja. Wote wengine, pamoja na mikimbio ya ziada ambayo wapinzani hutoa kwa makosa, walichangia 94.

Angalia tofauti na Oktoba. Gymkhana Otieno alikuwa na Chudasama upande wa pili akipiga vilevile, katika hewa nyepesi ya nyumbani. Kuala Lumpur iko chini, hewa nzito ya joto na mvua, na ilikuwa fainali. Mvua ndiyo iliyoamua mengi. Bangladesh hawakuweza kupiga siku hiyo; mechi ikahamia tarehe 13, muda ukapungua, lengo likabadilishwa: badala ya 242 kwa ova 50, mikimbio 166 kwa ova 25. Mtu asiyejua atasema nusu ya ova ingekuwa nusu ya mikimbio, yaani kama 121. Sivyo. Timu yenye wiketi zote kumi na ova 25 tu inaweza kupiga kwa fujo bila kuogopa kutolewa, kwa hiyo lengo hupandishwa. Ni haki, na bado ilikuwa jasho. Bangladesh walifika 166 kwenye mpira wa mwisho kabisa, wakiwa wamebakiwa na wiketi mbili.

Dhaka ilifurika watu barabarani. Mwaka huo Bangladesh wakapewa hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, na mwaka 2000 wakapewa hadhi ya mechi za Test, daraja la juu kabisa. Kenya iliwapiga kwa mikimbio 150 mwezi Oktoba, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ambako Bangladesh hawakufika, lakini mlango ule wa Test haukuwahi kufunguliwa. Sababu ni nyingi na za chama chetu cha kriketi ni nyingi zaidi. Hiyo ni makala nyingine, na ya hasira.

Sasa kwa nini 147 haionekani? Kwa sababu ICC Trophy ya 1997 haikuhesabiwa kuwa na mechi za ODI. ODI si maelezo ya mchezo wenyewe. Ni hadhi inayotolewa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, kwa mechi fulani za timu fulani katika mashindano fulani. Wachezaji walikuwa wale wale wa timu ya taifa ya Kenya, waliotoka kucheza ODI Nairobi mwaka uliotangulia. Ova zilikuwa 50. Mpinzani alikuwa timu ya taifa. Nusu mwaka baadaye timu zile zile zilikutana Gymkhana na kila mkimbio ukaandikwa kwenye daftari kubwa. Kama wewe ni mtu wa programu utaona haraka kilichotokea: safu ya "aina" ina thamani mbili, na kila swali ambalo watu huuliza lina kichujio. Data ipo na haina hitilafu yoyote. Tatizo ni WHERE.

Na kwa kuwa swali la kawaida ndilo linaloandika magazeti, vitabu na siku hizi majibu ya mashine, mwenye rekodi ya Kenya ni Otieno. Simwonei wivu Otieno. Kwa kigezo kilichowekwa ni yake halali. Tena imefungwa kwa kufuli: Kenya ilipoteza hadhi ya ODI Januari 2014, mwezi ule ule rekodi ya Afridi ilipovunjwa, na tangu hapo hakuna Mkenya anayeweza kuikaribia 144 kwenye orodha hiyo hata akipiga 300. Collins Obuya, ndugu yake Otieno wa damu, alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia katika Kombe la Dunia la 2011 mjini Bangalore, ova zikamwishia akiwa mikimbio miwili tu kutoka mia. Pamoja na ile 96 ya Tikolo, hayo ndiyo tuliyoyafikia. Hakuna Mkenya aliyewahi kupata 100 katika Kombe la Dunia.

Mtu anaweza kusema hadhi ni hadhi, mpaka lazima uwekwe mahali, la sivyo tutahesabu hata mechi za harusini. Nakubali mpaka uwepo. Ninachouliza ni nani anauweka na kwa nini, na kama aliyeuweka anaweza kuusogeza. Kwa sababu umesogezwa.

Wamarekani waliusogeza nyuma. Kwa miongo mingi wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu ya besiboli, wakacheza katika ligi zao. Josh Gibson, ambaye wengi waliomwona walimwona kuwa mpigaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaruhusiwa kuingia. Desemba 2020 ligi kuu ikatangaza kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu tangu mwanzo. Mei 2024 takwimu zikaunganishwa. Asubuhi moja Gibson akaamka marehemu akiwa na wastani bora wa kupiga wa maisha yote, .372, juu ya Ty Cobb mwenye .367 ambaye alikaa pale tangu enzi za babu zetu. Hakuna mpira uliopigwa upya, ni safu moja iliyobadilishwa. Lakini kazi iliyotangulia ilikuwa ya miaka: watafiti walifukua kadi za mechi moja moja kutoka magazeti ya zamani ya jamii ya weusi, na hata hivyo walichopata ni kama robo tatu tu. Mechi ambayo hakuna aliyeiandika haiwezi kurudishwa na uamuzi wowote wa kamati.

ICC nao waliusogeza, ila kwa kwenda mbele tu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2019, kila mechi ya ova 20 kati ya timu za wanaume za nchi wanachama ina hadhi rasmi ya kimataifa. Kwa hiyo tarehe 23 Oktoba 2024, kwenye uwanja wa Ruaraka, Nairobi (hewa ile ile, mnaona), katika hatua ya awali kabisa ya kufuzu kwa upande wa Afrika, Zimbabwe wakaipiga Gambia: 344 kwa wiketi 4, kwa ova 20. Sikandar Raza alifika 100 kwa mipira 33 akamaliza na 133 kwa mipira 43, sita 15. Mtupaji mmoja wa Gambia alitoa mikimbio 93 kwa ova 4. Gambia wakapata 54. Ikaandikwa jumla kubwa kuliko zote katika historia ya mechi za kimataifa za ova 20.

Sina ugomvi na Raza, na nadhani ni vizuri Gambia wahesabiwe. Ndivyo nchi ndogo zinavyoingia kwenye daftari. Lakini weka kadi mbili kwenye meza. Moja ni ya kufuzu, timu moja ikiipiga nyingine kwa tofauti ya mikimbio 290: hiyo ni rekodi ya dunia. Nyingine ni ya fainali ya mashindano ya nchi 22, iliyoamuliwa kwenye mpira wa mwisho, mtu mmoja akibeba asilimia 61 ya timu: hiyo ni maelezo ya chini ya ukurasa. Kigezo cha 2019 kingekuwa cha 1997, Tikolo angekuwa juu ya orodha ya Kenya na angekaa pale.

Jambo la kushukuru ni kwamba kadi ya Kuala Lumpur ipo. Kuna mtu alikaa kwenye mvua na kalamu akaandika kila mpira. Kapil Dev wa India alipiga 175 dhidi ya Zimbabwe kwenye Kombe la Dunia la 1983, labda pigo mashuhuri kuliko yote ya nchi yake, na hakuna mkanda wa video unaojulikana. Kilichobaki ni kadi na kumbukumbu za waliokuwepo. Kadi inatosha.

Huku kwetu ndiko ninakopata baridi. Michezo ya shule za msingi na upili hufanyika kila mwaka kutoka Mbita mpaka Isebania, raundazi ikiwemo, na kila mechi huwa na mwalimu mwenye daftari anayehesabu mizunguko. Kuna msichana mahali fulani aliyewahi kupiga mpira ukapita paa la darasa mara nne katika mechi moja. Siwezi kuthibitisha, lakini kwa idadi ya mechi na hesabu ile ya sarafu, ningeshangaa kama hayupo. Matokeo yaliyopelekwa juu yalikuwa jina la shule iliyoshinda na tofauti, basi. Daftari lenyewe lilibaki kwenye kabati la mwalimu wa michezo, mwalimu akahamishwa, kabati likahitajiwa kwa chaki.

Kama una daftari la namna hiyo nyumbani, Oyugis, Rongo, Kendu Bay, Awendo, popote, usilitumie kuwashia jiko. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, ukianza na ule wa mbele wenye jina la shule na mwaka, maana bila huo kurasa nyingine hazisemi ni za nani. Majina ya watoto yasiende mtandaoni bila ruhusa yao. Siku hizi ni watu wazima na wanaweza kuulizwa. Ukishindwa kusoma mwandiko wa mwalimu usiukisie, acha sehemu hiyo wazi. Safu ya "aina" tutaijadili baadaye.